Safari Hii Niko Karibu Kweli

Jumamosi, mchana, Kawangware. Jua linachoma. Mimi nimevaa koti la theluji na kofia ya manyoya.

Shajara, andika hivi: mimi Mzee Mutua wa Gatwekera, Kibera, tangu nizaliwe, sijawahi kuchelewa shughuli ya mtu. Harusi, matanga, mkutano wa plot, mimi hufika kabla ya viti.

Haya, futa hapo.

Naandika haya nikiwa nimekalia sanduku langu nje ya geti, shughuli iko ndani, na hakuna mtu anataka kunifungulia. Kosa ni langu kidogo. Kubwa ni la ndege.

Kwa nyinyi wageni wa blogu hii (karibuni, ingieni, hapa hakuna geti), mambo yako hivi. Mwaka jana shule moja ya ufundi huko Finland ilinichukua nikafundishe kuchonga mifupa. Ndiyo, mifupa, ile ya ng'ombe mnayotupia mbwa. Mimi huifanya bangili, vijiko na shanga pale Kibera, na nguo zangu zinanuka kazi hiyo hata zikifuliwa. Shule niliacha darasa la tano, mimi na mwalimu tulipochokana. Sasa nikajikuta mbele ya watu wazima wenye ndevu wananiita mwalimu. Nilifundisha kwa vidole na kelele. Walinielewa. Baridi ndiyo haikunielewa.

Kabla niende, mjukuu wangu Mwende alikuwa amepata kijana. Kijana mzuri, ana duka la vyombo pale Soko la Toi, hana shida ila kucheka sana. Nikamwambia Mwende angoje nirudi. Kwetu Wakamba, mbuzi wa ntheo asipochinjwa, hata uzae timu nzima ya mpira, bado hujaolewa. Na kwa kuwa baba yake, mwanangu Kioko, alishatutoka, mzee wa kusimama pale mbuzi akichinjwa ni mimi.

"Sawa, babu," akaniambia. "Nitangoja. Lakini siku hiyo ukinichelewesha, utaenda kuwaeleza wakwe wewe mwenyewe, na hiyo kofia yako."

Amengoja mwaka mzima. Msichana wa siku hizi, na kijana mwenye duka! Siku ikapangwa iwe leo, hapa kwa mama yake.

Mimi nilitoka huko shuleni Jumatano. Mapema kabisa, muone nilivyo na adabu.

Theluji ikaanguka kama mtu anamwaga unga kwa hasira. Ndege ikalala. Simu ikalia, ni mke wangu, Mama Kioko, anauliza niko wapi. Sasa mtu wa Nairobi akiulizwa kwa simu yuko wapi, mdomo haungoji ruhusa. Nikasema, "Nishapanda."

Sikuwa nimepanda hata ngazi.

Siku iliyofuata tukaruka mpaka Istanbul, tukakuta ndege ya Nairobi imeshakwenda bila sisi. Tukaambiwa tukae. Nikakaa. Nikalalia kiti, nikaamka nimejikunja kama mtoto mgongoni. Mama Kioko akapiga tena. Nikamwambia niko uwanja wa ndege. Hapo sikudanganya, jamani. Hakuuliza upi.

Yeye naye akamtuma Bilali aje kunichukua na pikapu.

Bilali ni Mnubi, ndiye mwenye plot ninayokaa, na ndiye rafiki yangu tangu tukiwa na meno yote. Mzee wa watu alikaa uwanja wa Nairobi tangu asubuhi, ameshika kipande cha katoni chenye jina langu. Jioni akanipigia.

"We Mutua! Nimesimama hapa mpaka askari wananipa chai. Uko wapi?"

"Natokea," nikamwambia.

"Unatokea wapi?"

Nikakata. Network ya huko si nzuri.

Leo alfajiri, hatimaye, tukafika juu ya Nairobi. Nilikuwa dirishani. Nikaona mabati, nikaona ile kutu yetu, moyo ukaruka. Nikaanza kufunga viatu. Mara ndege ikageuka. Kumbe chini kuna kindege kimepata pancha, kimelala katikati ya njia kama matatu ya Kawangware wakati wa mvua. Tukapelekwa Mombasa. Nimetoka Ulaya, nimeruka nyumba yangu, nimeenda Mombasa.

Huko nikaamua kusema ukweli, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikampigia Mama Kioko, nikamwambia, "Niko Mombasa."

Akaniuliza:

"Mombasa kwa nani?"

"Si kwa mtu! Ni ndege."

"Ndege ya Nairobi imekupeleka Mombasa. Mutua, mimi nimezeeka lakini sijawa mjinga. Mwambie huyo mwanamke akupe nauli, wakwe wanafika saa nne."

Mnaona faida ya ukweli? Nikajiahidi sitaurudia.

Tuliporudi Nairobi, saa nne zilikuwa zimeshapita. Watu wakachukua mizigo yao wakaenda. Mimi nikaitwa pembeni. Wanafunzi wangu walikuwa wamenipa zawadi ya kuniaga, na zawadi ya wanafunzi wa mifupa ni nini? Mifupa. Sanduku zima. Na pembe za yule mnyama wao wa kuvuta sleji, mkokoteni wa theluji.

Askari wa kike akafungua, akafunga, akafungua tena.

"Mzee, hawa ni akina nani?"

Nikamweleza. Akamwita mwenzake. Nikamweleza mwenzake. Wakamwita mkubwa. Mkubwa akashika mfupa mmoja, akaunusa, akaniangalia kama mimi ndiye nimemla mwenye mfupa. Nikatoa kisu cha maneno, nikawaonyesha kwa vidole jinsi bangili inavyotoka hapo, nikawa nafundisha tena. Katikati ya somo simu ikalia. Mama Kioko. Wakwe wamefika, mbuzi amefungwa, kila mtu anauliza mzee yuko wapi.

Mdomo wangu, huu huu, ukasema: "Niko Toi, nakaribia. Pika chai."

Shajara, hapo ndipo niliharibu.

Kumbe akina mama walitoka wote mpaka barabarani kunipokea. Leso viunoni, vigelegele, wimbo. Wakaimba wakiangalia upande wa Ngong Road. Kila boda ikija na mzee nyuma, wanaipigia vigelegele. Walimpokea fundi wa mfereji. Walimpokea mzee mmoja wa kanisa ambaye alikuwa anaenda zake hospitali, na akafurahi sana. Mimi nikiwa bado nabishana na mkubwa kuhusu pembe.

Waliimba mpaka sauti zikaisha, wakarudi ndani, wakafunga geti.

Askari wameniachilia, nimekuja na boda, sanduku kichwani. Nimegonga. Lakini kuna spika humo ndani ya ukubwa wa kabati, ni nani atasikia mkono wa mzee? Nikampigia Mama Kioko.

"Niko getini," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi niko Finland." Akazima simu.

Mwende simu yake imechukuliwa, amefichwa chumbani na wasichana wenzake. Sikuwa na la kufanya. Nikakaa hapa juani, na jasho likapita mpaka kwenye soksi. Nikafikiria, sasa wameshachinja. Wangefanya nini? Wakwe wana njaa, na mimi ni mwongo. Msichana amengoja mwaka mzima, halafu babu yake anakosa siku yenyewe akiwa amekalia mifupa nje ya geti.

Sitaki kusema nililia. Kofia hii inatoa maji.

Halafu sasa hivi wimbo mmoja umeisha kabla mwingine haujaanza, na nimesikia kitu.

Mbuzi analia.

Nimeweka sikio kwenye bati. Amelia tena. Mzima kabisa, na sauti ya mtu anayelalamikia huduma. Hawajamchinja. Tangu saa nne, wakwe wamekaa, chai imepoa, wananitukana humo ndani, na bado wananingoja.

Bilali, simu zangu hupokei tangu jana, lakini najua yako hulia kila nikiandika hapa, Mwende alikuwekea hivyo. Na najua umo humo ndani, umekaa karibu na sufuria. Unakumbuka siku mlango wako wa choo ulijifunga ukiwa ndani, nikapita kwa kile kidirisha kuja kukutoa, suruali ikararukia njiani mbele ya wapangaji wako wote? Ulisema siku moja utanirudishia. Usiniambie kwamba ulishalipa pale uwanja wa ndege, hapo ulikunywa chai ya serikali.

Inuka tu, ndugu yangu, utembee mpaka getini, usukume hicho chuma.

Niko hapa.

Harakisha kabla wimbo mwingine haujaanza, na mguse huyo mbuzi aendelee kulia kidogo.