Picha ya Maharamia Imerudi, Njoo Uisimulie

Mjukuu wangu Rahma,

Huna haya wewe? Idi imekuja, imepita, nimepika biriani, na wewe ukanitumia picha ya keki kwenye simu. Nitakula simu? Huko Leeds uliko si mwezini. Treni zipo.

Haya, ugomvi baadaye. Kwanza nikupe habari. Ile picha yetu ya maharamia inaonyeshwa sinema hapa mtaani kwetu Tooting, Jumapili ijayo mchana! Ile ile, ya nahodha wa shati jeupe, kifua wazi, na bibie wa gauni la manjano. Bi Zubeda wa chini ndiye aliyeliona tangazo, akapanda ngazi mbio na magoti yake yale! Ndiye anayeniandikia barua hii pia, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, mvua nje, mimi na wewe blanketi moja, picha ile kwenye televisheni? Nikakwambia naijua yote. Tuliitazama Unguja, siku ya wanawake peke yao, sinema nzima mabuibui, na ajuaye Kiingereza ni dada yangu Mwanakheri peke yake. Alikuwa anasimama anatusimulia kwa sauti. Nahodha alipomtaka bibie, Mwanakheri akasema bibie anajibu: "Nenda kwanza kachukue radhi za mama yako, ndipo uje unipose!" Tulipiga vigelegele mpaka mwenye sinema akaja kuchungulia.

Nilipokusimulia hayo, ukanikazia macho. "Bibi, hakusema hivyo. Amesema, nitakungoja."

"Nitakungoja tu? Basi mjinga huyo!"

Ulicheka mpaka ukaanguka kitini. Na tangu hapo, kila ikirudi, ukawa unanisimulia yale ya Mwanakheri. Wewe, usiyenijibu Kiswahili hata nikikuuliza umekula! Kwenye picha ile tu ndipo kilipokutoka, tena kwa mbwembwe, mkono kiunoni. Mwanangu, nilikuwa namsikia dada yangu. Yuko kaburini Unguja, na mimi namsikia sebuleni kwangu, kinywani mwa mtoto aliyezaliwa hapa.

Sasa nimejitia kitanzi. Nimewatangazia wanawake wote wa darsa letu kwamba mjukuu wangu atatusimulia. Wameshakata tiketi safu nzima. Bi Zubeda ananiuliza, "Na asipokuja?" Nimemwambia andika, usinitie nuksi. Lakini wewe nakwambia kweli: usipokuja, tutakaa pale kama magunia tunatazama midomo ya Wazungu ikicheza, na mimi nitajua sauti ile ndiyo imekwisha.

Haitakwisha. Nakujua, mkaidi wangu, umenirithi mimi. Mungu akuweke, na akulete.

Ukifika, usijifiche pembeni, kaa katikati ya safu yetu. Na watu wa nyuma wakikwambia shii, ongeza sauti.

Bibi yako