Kitambaa cha Mashine Nyembamba

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefungua sekretaria, duka letu la kuchapa na fotokopi, baada ya alfajiri. Nimefagia majivu yanayoingia kutoka kwenye vinu vya mawese. Barua mbili za kuomba kazi, fotokopi za vitambulisho. Halafu shemeji Swaibu, mwenye duka, akafika kutoka Bujumbura na kompyuta mbili za kubeba. Okazioni zote mbili, zimeshatumika, za ofisi, kampuni moja. Muuzaji amempa mpaka mwisho wa mwezi abaki na moja, arudishe nyingine.

Moja ilitengenezwa kwa ajili ya wakubwa wa ofisi. Nyembamba, mwili wa aluminiamu. Nyingine kwa wafanyakazi wa kawaida. Nene, nyeusi, plastiki ngumu.

Nyembamba amempa Rehema, mtoto wa dada ya mkewe, aliyekuja mwezi uliopita na diplome yake. Nene amenipa mimi. Akatangaza mbele ya wateja: mwisho wa mwezi itabaki mashine moja na mtu mmoja. Atakayebaki ndiye wa chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma ni changu. Nalala humo tangu azikwe marehemu mume wangu, kaka yake Swaibu. Sina kwingine. Naogopa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeanza kuijua mashine yangu. Klavye nzuri, kitufe kinazama, kidole kinajua kimefika. Batri inachomoka, umeme ukikatika naweka nyingine. Ina tundu la kila waya. Printa imeingia mara moja. Bawaba ngumu, kifuniko kinakaa pale nilipokiacha. Nimekibonyeza mgongoni, hakikunesa. Ubaya wake ni ekra, kioo chake. Mlango ukiwa wazi sioni kitu.

Ya Rehema nyepesi kama sahani. Inawaka hujamaliza kusema bismillahi. Ekra inang'aa hata juani. Lakini ina matundu mawili tu, tena madogo, printa ilikataa mpaka akatafuta kipande cha kuunganishia. Kifuniko ukikibonyeza kinanesa. Batri imefungiwa ndani kwa skrubu.

Ningeulizwa ningesema ile ni ya kusafiri nayo, hii ni ya kazi. Sijaulizwa.

Rehema mtoto mzuri. Kila asubuhi ananiamkia kwanza. Nimeanza kumshonea vitambaa viwili, kimoja mashine ilalie, kimoja aifunikie, kama tunavyofanya kwa televisheni. Maua mekundu. Majivu haya hayana huruma.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimefunga swaumu leo. Vitambaa vimekwisha. Rehema amevipokea kwa mikono miwili, akashukuru. “Murakoze cane, mama.” Ametandika hapohapo. Alhamdulillahi. Nimefurahi kweli.

Yangu haina kitambaa bado. Nitashona nikipata nafasi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Siku mbaya.

Baada ya swala shemeji amekuja na rafiki zake wawili wa sokoni kuwaonyesha mashine. Zote zina mahali pa kuweka kidole zikutambue. Rehema kagusa, ikafunguka. Mimi nikagusa. Hapana. Tena. Hapana. Vidole hivi vilikamua mawese miaka mingi kabla ya kuchapa, ngozi imelika.

Shemeji akanishika mkono, akawageuzia kiganja changu kama mtu anayeuza mbuzi. Si maharimu yangu yule! “Angalieni. Hata mashine inakataa kumujua.” Mmoja akamwuliza ya nani ndiyo nzuri. “Hii ya shemeji iko nzito, iko nene, ekra imekufa. Bibi amepata bibi mwenzake.”

Wakacheka. Rehema pia. Alifunika mdomo, lakini alicheka.

Nimelia chooni. Halafu nikachapa hati ya mauziano ya shamba.

Jumapili, 12 Oktoba
Shemeji ameingia chumbani bila hodi. Nilikuwa nimekaa kitandani. Amepima kuta kwa kamba, akasema “Inua miguu, shemeji,” apitishe kamba chini. Akamwita Rehema amwulize anataka rangi gani.

Rehema akaniangalia. Akaangalia ukuta. Akasema bluu.

Nimeswali isha mara mbili. Moyo haukutulia.

Jumanne, 14 Oktoba
Rehema ameenda kula, kaiacha mashine ikiwaka chini ya kitambaa. Nimepita kukinyoosha. Moto kama sufuria.

Nimeiinua. Chini kuna vitundu vya kupumulia, mstari mzima. Kitambaa changu kizito kimeviziba vyote. Yangu inapumulia ubavuni, juu ya meza tupu. Sikuwahi kufikiria.

Nilisimama nayo mikononi. Nilikuwa nimeshaelewa.

Nimeirudisha juu ya kitambaa. Nimeifunika. Nimenyoosha pindo.

Bluu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimegusa tena. Inaunguza. Rehema ameniuliza mbona inakwenda polepole. Nikasema labda imechoka. Akacheka, akanimiminia chai.

Maneno ya swala yamepita mdomoni tu.

Jumatatu, 20 Oktoba
Imevimba. Batri imesukuma klavye juu, kifuniko hakifungi. Muuzaji kakataa kwenye simu, hairudi kwake ikiwa hivyo, shemeji ailipe.

Shemeji alimvuta Rehema katikati ya wateja. “Diplome ya nini? Mutoto mukubwa hujui hata kulaza mashine!” Akamsimamisha mlangoni, mashine mikononi, kila apitaye aione. Watoto wa shule waliita wenzao. Mwanamke mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimwuliza kama imebeba mimba. Rehema alisimama hapo mpaka adhuhuri.

Alisema kosa ni lake, aliiacha ikiwaka. Vitambaa hakuvitaja. Hakuna aliyeviona kuwa kitu.

Mimi nilikuwa nachapa. Sikukosea herufi hata moja. Nilifurahi. Ee Mola, naandika kwa kuwa unajua tayari. Nilifurahi.

Alhamisi, 23 Oktoba
Shemeji amesema nitabaki. “Bibi ameshinda.” Nimesema asante. Rehema anapelekwa Kabonga, ufukweni, akaanike ndagala na wafanyakazi wa shemeji. Diplome yake shemeji ameiweka kwenye droo yake, eti mpaka ajifunze akili.

Nilifika mpaka mlangoni kwa Rehema nimwambie ukweli. Nikarudi.

Jumamosi, 25 Oktoba
Rehema amekuja kuaga kabla ya basi. Mkoba mmoja. Amenirudishia vitambaa. Amevifua, amevipiga pasi, kavikunja maua ndani.

“Funika yako, mama. Majivu mengi.”

Akanibusu mkono, kiganja hikihiki. Nikamwombea dua ya safari. Akaitikia amina.

Wateja wachache leo. Mvua kidogo mchana. Kuta za chumba zimebaki na rangi yake ya zamani.

Jioni nimeizima mashine. Nimeweka mkono mgongoni mwake, nikasubiri mpaka ikapoa kabisa. Ndipo nikaifunika.