Eti Nihamie Kwenye Trela

Mwenzangu, natetemeka kwa hasira!

Mwanangu na mkewe wameegesha trela jipya hapa uani, lile la kuvutwa na gari na kulala safarini. Nikajua ni la safari zao.

Mwanangu akanizungusha ndani. "Mama, kitanda hiki, jiko hili, choo hapo hapo. Huna pakubwa pa kufagia."

Kumbe ni langu! Eti mimi nihamie humo, wao wabaki na nyumba. Nyumba niliyojenga na marehemu!

Langu! Nikipiga magoti kusali, kichwa kinagonga jiko. Jua likiwaka, humo ni tanuri.

Mkamwana akadakia, "Lakini ni jipya, mama."

Jipya! Nikawaambia, "Kama ni tamu hivyo, laleni ninyi." Nikaingia nyumbani, nikatia komeo.

Sasa wanagonga. Mungu anisamehe, waendelee kugonga.