Pua ya Pikap Yangu

Juma tatu, tarehe 9 mwezi wa 6

Tumepakia viazi na poireaux, ile vitunguu ya majani marefu, mbele ya jua kutoka. Baridi ya Butembo. Pikap imeinamisha pua sawa ng'ombe anakunywa maji. Kila shimo, chuma inagonga chuma: kong! Baba Saidi, chofeli yangu, anasema amortiseri za mbele, zile za kumeza kishindo, zimekufa zote mbili. Na resori, springi za chuma, zimelala, hazirudi tena juu. Nikamwambia hakuna shida, tutapeleka kwa Paluku.

Paluku ni mutoto yangu wa kwanza. Iko na garaje yake kule Beni, mu Bungulu, na kibao ya jina mbele. Hakuna mekanisie kama yeye toka hapa mpaka Oicha. Sisemi vile juu ni mutoto yangu. Nasema juu ni kweli. Soko yote nimeisha kuiambia: ataweka resori mpya, amortiseri mpya, ya kutoka Kampala, hapana bitu bya kuokota. Na bamama ba korali ya kanisa banajua. Posho, ile Jumamosi ya tarehe 21, binti ya pasta anaolewa Beni, na ni gari yangu itashusha korali. Bamama tisa nyuma, na ngoma.

Alhamisi, tarehe 12

Nimeshuka na gari mwenyewe. Paluku alinipokea vizuri, mais lakini hakutaka nikae kwa garaje. "Mama, hapa ni mafuta na vumbi, enda kwa bibi yangu ukule." Nikakula sombe ya majani ya muhogo na samaki. Mukamwana wangu anapika vizuri, ni mimi nilimufundisha.

Kurudia, nikakuta pua ya gari iko juu sawa jogoo! Resori nyeusi, zinangaa. Nikapiga kigelegele pale pale, bachofeli bote bakageuka. Nikamupa kitenge ya kupelekea bibi yake. Yeye alikuwa ananawa mikono. Alinawa muda murefu sana. Nikaona ni usafi.

Posho, tarehe 14

Répétition, mazoezi ya korali. Nilisimulia. Mama Masika alikunja mudomo, juu mutoto yake iko anatumika kazi mu bureau. Akasema, "Wewe Mama Paluku, ile mutoto yako ukimusifu tena kidogo atapaa." Nikamujibu: wako anabeba makaratasi, wangu anabeba magari. Bamama balicheka mpaka mwenye kupiga ngoma akapoteza mapigo. Nililala na furaha.

Juma tatu, tarehe 16

Baba Saidi ananichokesha. Anasema gari haiko sawa. Asubuhi hapa Butembo mbele ni ngumu sawa kinu, inamurusha kichwa mpaka kwenye plafon. Akishuka Beni, jua ikiwaka, inakuwa laini sawa godoro. Akifunga frein kusudi asimame, pua inatumbukia. Nikamuuliza: gari gani inabadilika sawa kinyonga? Nikasema ni wivu. Baba Saidi ni mutu ya heshima, akaenda zake kuswali.

Juma tano, tarehe 18

Sijakula tangu asubuhi.

Nilitoka kutupa maji, nikaona kuku zangu zinadonoa chini ya gurudumu ya mbele. Na siafu, mustari muzima, zinapanda juu ya chuma. Siafu na chuma bana nini pamoja? Nikainama. Kitu nyekundu inatiririka, mingine imeganda sawa usaha. Nikatia kidole. Nikanusa.

Mawese.

Mimi ninapika na mawese tangu niko na akili. Nikamuita Baba Saidi. Akainua gari na kriki, akatoa gurudumu. Nikataka kuona yote, hata kama magoti yangu iko mu matope. Amortiseri ni zile zile za zamani. Zimetobolewa, zimejazwa mawese, tundu imezibwa na soudure ya kuchomelea, kidogo sawa kamasi. Resori ni zile zile. Rangi nyeusi juu ya kutu, na katikati ya mizunguko bametia vipande vya pine ya zamani, mupira ya gurudumu, kusudi pua ipande. Nilikwaruza na ukucha, rangi ikatoka, kutu chini.

Ndiyo ile jogoo niliyopigia kigelegele.

Baba Saidi hakucheka. Angecheka ingekuwa heri. Alisema tu kwamba asubuhi mawese inaganda juu ya baridi, mchana inayeyuka, na kipande ya pine ikichomoka mu kona, gari inakwenda nayo. Nilienda nyuma ya nyumba, nikatapika. Harufu iko bado mu kidole. Nimenawa na sabuni, na majivu, na ndimu. Iko.

Alhamisi, tarehe 19

Nimemupigia simu. Kwanza aliapa resori na amortiseri ni mpya. Mutoto yangu aliapa kwa jina ya Mungu juu ya mawese. Nikamwambia nimeinusa. Halafu akasema piesi mpya hazikupatikana, mwenye kuzileta alimudanganya, na angenijulisha, mais: "Mama, ulikuwa umeisha kutangazia soko yote. Ningesema nini?"

Ile neno ilinichoma. Juu ni kweli nilitangaza. Mais mimi nilitangaza kwa mudomo, yeye alitoboa kwa mukono.

Akasema tena bafundi wengi banafanya vile, na kule Beni mawese inashika vizuri. Bien sûr, kweli inashika, Beni ni joto! Mutoto alizaliwa Butembo. Kila asubuhi ya utoto yake ni yeye alikuwa anasogeza bidon ya mawese karibu na mbabula ya makaa kusudi iyeyuke, nipate kuimimina. Amesahau baridi ya kwao. Uongo hata haukufanywa na akili.

Kisha akaniomba nisiseme. "Posho muende polepole tu."

Polepole! Bamama tisa, mmoja iko na mimba! Nilikata simu. Nimebeba huyu mutoto mugongoni toka shamba mpaka dispensaire na malaria yake. Leo ananipa kinyaa. Naandika vile, na siondoi.

Ijumaa, tarehe 20

Tangu asubuhi nilikuwa natafuta uongo. Kwamba Baba Saidi anagonjwa. Kwamba pine imepasuka. Ningeupata, niko na mudomo. Mais kila uongo nikiufungua, inanuka mawese.

Nilisimama mbele ya korali. Nikasema gari haiendi, kazi ya Paluku ni mbovu, ametia mawese na vipande vya pine. Halafu Mama Masika: "Kumbe wako anabeba magari mu sufuria?" Balicheka. Balicheka vizuri, na machozi. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa wake.

Kutoka, yule mwenye mimba alinishika mukono, akasema, "Wasingya, Mama Paluku." Aksanti ya kweli. Ikaniuma kupita kicheko.

Yenga, siku ya Mungu, tarehe 22

Balienda na gari ya kukodi. Banasema ndoa ilikuwa nzuri. Mimi nilibaki. Leo kanisani pia sikuimba. Pikap iko mu kiwanja, juu ya mawe, pua chini. Kuku zinaendelea kudonoa. Nimezifukuza na fagio. Wachafu.

Juma ine, tarehe 24

Paluku amekuja. Amefika jana na gunia: amortiseri mpya mu kartoni, zimepita mpaka ya Kasindi, na resori za okazio, zimetumika mais zima, za pikap iliyogongwa nyuma. Nilizikwaruza zote na ukucha, yeye hajakaa bado.

Leo alitumika hapa mu kiwanja, asubuhi, na baridi yote, macho ya majirani juu ya ukuta. Nilileta kiti nikakaa mbele yake. Garaje yake ilinifukuza, kiwanja yangu hainifukuzi. Kukandamiza resori alitumia mnyororo na maboulon marefu ya kukaza, moja kwa huku, moja kwa kule, polepole, jasho mu baridi. Baba Saidi alimwambia asiweke uso mbele, ikiruka inaua. Nilitoka kwa kiti, nikasimama bila kujua. Bado ni mutoto yangu. Na uchafu wake yote.

Kisha nikamwambia amimine zile amortiseri za zamani. Mawese ilitoka mabonge mabonge, nyeusi, na unga ya chuma ndani. Nikamwambia anuse. Alinusa. Macho yake ikajaa, akageuka. Nikauliza: wengine uliobawekea mawese ni ba nani? Akataja chofeli ya taxi ya Mavivi, na mwalimu mumoja. Nikasema piga simu. Sasa. Mbele yangu. Wa Mavivi alimutukana mpaka mimi nikasikia matusi kwenye simu, ya Lingala na ya Kiswahili. Mwalimu alisema tu ataleta gari. Paluku aliweka simu chini, akachukua ufunguo, akaingia tena chini ya gari.

Mangaribi nilimupa maji ya moto na sabuni. Alinawa muda murefu. Sikusema ni usafi.

Alhamisi, tarehe 26

Paluku amerudi Beni. Baba Saidi alitoka na muzigo yote, akapita mashimo zote, akarudi. Akashusha kioo: "Iko muzuri." Basi. Hakuna kong. Pua iko mahali pa pua, haiko juu, haiko chini.

Amortiseri za zamani nimezitupa mu choo.

Sokoni, mama wa vitunguu aliniita kwa sauti, "Mama Paluku! Basi gari?" Kila mutu aligeuza sikio. Maneno ilikuwa tayari kwenye ulimi, nyingi, tamu.

Nikasema inatembea. Nikafunga poireaux.