Bei Isiyo ya Watu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha viatu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo na baridi ya huko? Wifi yangu hajambo, na mapacha wameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limepata nafuu, siku hizi anafika mpaka dukani na kurudi akilalamikia bei tu, wala si goti. Mimi nina afya na nina hasira, na vyote viwili vinanifaa kwa sasa.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ungeikata, kama ulivyoikata juzi Ijumaa. Barua haikatwi, utaisoma mpaka mwisho hata kama ni kwa kununa.

Nianze na habari ya kiwanda. Meneja ametangaza kwamba idara yetu ya kushona itafungwa mwisho wa mwezi, kwa sababu kiwanda kinapata hasara, mwaka wa nne mfululizo. Hasara gani, mdogo wangu? Tunashona zamu mbili, malori ya buti yanatoka getini asubuhi na jioni, na cherehani yangu haijapoa tangu mwaka jana. Afisa wa kodi naye, binti mmoja mpole mwenye begi la mgongoni, amekuwa akishinda katika ofisi ya uhasibu, maana kiwanda chenye hasara hakilipi kodi ya faida hata senti.

Basi Jumatano tukaitwa wote kwenye ukumbi wa kukatia ngozi, na yule afisa akaja akasimama nyuma. Meneja akachukua chaki, akatuandikia ubaoni bei ambayo kiwanda kinaiuzia buti kampuni dada, yaani hiyo unayofanyia kazi wewe. Elfu nne kwa jozi. Alitaka tumwonee huruma. Ngozi peke yake inapita hapo, na pale duka la getini jozi hiyohiyo ni elfu thelathini. Akasema ndiyo bei ya soko, hana la kufanya.

Hapo nikakumbuka mayai yako. Usijifanye umesahau. Baba, Mungu amrehemu, alisema kila mwenye kuku atoe fungu la mauzo kwa ajili ya chumvi na mafuta ya taa. Wewe ukawa unamuuzia binamu yetu Mapengo, upande wa pili wa ua, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kwao hakuna aliyedaiwa fungu. Yeye akiuza dukani kwa bei kamili, mnagawana nyuma ya banda. Baba hakukuchapa. Alikuambia tu kwamba bei yako ni nzuri sana, na kuanzia siku ile mayai yote atayanunua yeye. Ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi.

Basi nikasimama. Nikamwambia, "Meneja, bei hiyo nimeipenda. Niuzie jozi kumi, pesa taslimu, sasa hivi."

Watu wakadhani natania. Lakini Bi Sindano, yule mshonaji mkongwe aliyenifundisha kazi, akafungua pochi na kuweka elfu nne mezani. Nyuma yake akaja fundi wa soli, kisha wasichana wa kubandika lebo, wote pesa mkononi. Mweka hazina wa chama chetu cha akiba akasema ghala lote tutalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Meneja alitokwa na jasho. Mwishowe akasema, "Jamani, hiyo bei si ya watu. Ni ya kampuni kwa kampuni."

Yule afisa akamwomba arudie, taratibu, huku akiandika.

Baadaye alinieleza kwamba wao huziita bei za uhamisho. Kampuni mbili za mwenye mali mmoja zinauziana kwa bei ya kupangiana, faida inaibukia kule ambako kodi ni ndogo, huku kwetu inabaki hasara. Kuuziana si kosa, alisema, ila bei iwe ile ambayo angeuziwa mtu baki. Nikamwambia somo hilo tulilipata nyumbani, kwa mayai. Akaniuliza kama najua lolote kuhusu hiyo kampuni dada.

Najua, kwa sababu ulinisimulia mwenyewe ukicheka. Chumba kimoja juu ya duka la miwani, meza yako, printa, na ua la plastiki. Buti zinatoka hapa moja kwa moja hadi kwa wanunuzi, kwako inapita karatasi tu. Umenunua buti maelfu na hujawahi kunusa hata moja. Maelezo hayo nitayatia sahihi Alhamisi ya wiki ijayo, kwa jina langu kamili, na nitaandika pia kwamba bei hukuipanga wewe.

Kabla ya kukata simu uliniomba ninyamaze, kwamba wewe ndiye utakayetimuliwa kwanza, na dawa za Mama zinatoka kwako. Ni kweli zinatoka kwako, na hujakosa hata mwezi mmoja. Nakupenda, Kibiriti, na jambo hili linaniuma. Lakini sinyamazi. Siwezi kumwacha Bi Sindano atolewe getini kwa hasara ambayo haipo. Na hizo dawa, tunazinunua kwa kuwa zahanati yetu imeishiwa hata panadoli, na wanaopaswa kuichangia wamejificha ndani ya chumba chako.

Nimemsomea Mama barua hii. Alicheka kwenye mayai, akalia kidogo, kisha akasema nikuandikie kwamba goti lake litavumilia.

Msalimie sana wifi, mama yake, na mapacha. Mapengo anakusalimu, ameweka meno ya bandia na bado hataki kuzungumzia mayai. Mungu ailinde nyumba yako, akupe riziki unayoweza kuisimulia mbele za watu.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni buti, namba ya mguu wako, nimezishona kwa mkono wangu na nimezilipia duka la getini elfu thelathini kama mtu yeyote. Risiti iko ndani ya buti ya kulia. Wakikutimua, zivae urudi nyumbani. Kitanda chako nimekwisha kukitandika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.