Liste yenye kukataa kusema

Jumatatu, 7 Julai

Nimeanika samaki za ndagala pamoja na mama, nimekaa ku ordinateri mbele umeme ukatike. Kama kila siku. Ukurasa wa radio ku interneti bado. Kinachobakia ni liste moja tu: unaigusa inafunguka, unachagua kartie ya muji ao kijiji, halafu salamu za watu wa pale zinatokea. Liste moja! Nilisema itanichukua asubuhi.

Direkteri wa radio alipita. Hataki ile liste ya kijivu yenye kuja yenyewe ku telefone. Anataka rangi za radio, bluu na manjano, na picha ndogo pembeni ya kila jina. Samaki kwa Kilibula, mupunga kwa Luvungi, mahindi kwa Runingu. Ni kama anachagua kitenge. Nikasema ndiyo. Siku zote nasema ndiyo, kisha naumia.

Akiwa tayari mulangoni akaongeza lingine. Emisio, kile kipindi cha salamu, ni ya muntu moja, haiko ya watu wawili. Yaya Faustin, mukubwa wangu, haoni tangu utoto, na njo yeye anaiendesha. Minye nakaa kando yake kila Jumapili, namusomea salamu ku sikio, yeye anazisema ku mikro na kile kicheko chake. Sasa eti sauti yangu inasikika nyuma, watu wanalalamika. Faustin azifungue mwenyewe ku telefone yake. Ijumaa Direkteri atakuja kuona. Yaya akishindwa, emisio inaenda kwa Christelle, mutangazaji kijana wa radio.

Kwa hiyo minye njo najenga kitu cha kumufukuza yaya yangu. Vizuri kabisa.

Jumanne, 8 Julai

Liste imekuwa nzuri. Nzuri kweli! Inateremuka polepole, samaki iko pale, mahindi iko pale. Nilimwita mama aje aone. Akasema picha ya mupunga inafanana na ufagio.

Nikamupa Faustin telefone. Telefone yake iko na ile sauti yenye kusoma kila kitu kidole kinapopita. Kidole kikapita. Kimya. Kikarudi. Kimya. Akaniuliza kama nimeshafungua ukurasa.

Nimeelewa. Nilichora liste kwa vipande vitupu vya ukurasa, nikavipaka rangi. Kwa macho yangu ni liste. Telefone haioni liste, haioni kitu. Nimejenga duka lenye mulango wa kuchora ku ukuta.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia ni konexio ya interneti.

Jumatano, 9 Julai

Leo kila kipande nimekipa maneno: hii ni liste, imefungwa, imefunguka, hili ni jina la kwanza. Kazi ya siku nzima. Imeanza kusema! Nikaruka. Sauti ni ya Kifaransa, majina yetu inayavunjavunja, Runingu inaitamka kama muzungu mwenye mafua. Faustin alicheka mupaka machozi.

Kicheko kikaisha. Liste ikifunguka, sauti haiingii ndani. Inaruka mbio chini ya ukurasa na kuanza kusoma anwani ya radio. Nikirekebisha hiyo, inaanza kusoma majina yote toka juu, na haikubali kunyamaza. Nikirekebisha hiyo, liste inajifunga yenyewe. Nafunga shimo hapa, maji yanatokea pale. Nachoka. Nachukia ile samaki.

Alhamisi, 10 Julai

Hakuna umeme toka asubuhi. Upepo wa ziwa, vumbi ndani ya clavier ya ordinateri, ndani ya chai, ndani ya meno.

Tumegombana, minye na Faustin. Alisema niache, wampe tu Christelle, mutoto ana sauti nzuri. Nikamwambia yeye ni mwoga. Akajibu pole pole, na hiyo njo imeniuma: “Weye unatengeneza kwa macho ya Direkteri. Minye niko napapasa ukuta.”

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira sababu alisema kweli.

Umeme ulirudi wakati wa kula. Nilirekebisha kidogo. Inafanya kazi, nadhani.

Ijumaa, 11 Julai

Haikufanya.

Direkteri alikaa ku kiti chetu cha wageni, koti na yote. Faustin alivaa shati ya Misa. Akafungua liste, akasikiliza, akashuka taratibu, sauti ikasema Luvungi, kule anajua kuna salamu za arusi, akagusa. Akatoa sauti yake ya radio: “Na sasa, wapenzi wetu, tuko kule Luvungi, kwenye arusi!” Kumbe liste ilikuwa imeshateremuka jina moja zaidi bila kusema. Ilifungua Runingu. Salamu ya kwanza ilikuwa ya familia yenye kilio, wanaomba watu waje kukaa nao.

Nilimwona Faustin anavyosikia lile neno kilio. Uso wake ulijifunga. Ku hewani ingekuwa aibu ya mwaka. Muntu hawezi kupelekea wafiwa kicheko.

Direkteri hakukasirika. Ingekuwa afazali akasirike. Alimushika Faustin bega, akasema: “Pole, papa. Kesho jioni naandika programu.” Njo kusema, Christelle.

Faustin alivua shati, akaikunja vizuri. Nililia mu jikoni, mama akajifanya anatafuta chumvi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefuta yote. Samaki, mupunga, mahindi, mateso yangu ya wiki nzima. Yote!

Nilirudisha liste ile ya kijivu, ya kawaida, yenye telefone inaijua toka kiwandani. Faustin hakutaka hata kujaribu. Nikamuwekea telefone mu mukono kwa nguvu. Luvungi. Ikafungua Luvungi. Runingu. Ikafungua Runingu. Akarudia, akarudia tena, kama anangoja imudanganye. Haikumudanganya.

Sawa. Lakini Direkteri na rangi zake? Nikasoma, nikasoma, macho yakauma. Kumbe siku hizi muntu anaweza kuivalisha nguo ile liste ya kawaida yenyewe, bila kuchora ya bandia. Telefone mpya inaonyesha zile nguo. Telefone ya zamani inaziacha, inatoa liste ya kijivu, na kusema inasema vilevile. Wiki nzima nilikuwa nahangaika kutengeneza muntu wa udongo, na muntu muzima amekaa pale anangoja shati. Mujinga ni minye.

Nilikimbia kwa Direkteri mbele aandike programu yake, Faustin nyuma ku pikipiki ya jirani. Ku telefone ya Direkteri, mpya, bluu na manjano, samaki iko pale. Akafurahi. Halafu akachungulia telefone ya Faustin, akakunja uso.

“Lakini kwake haina rangi!”

“Papa Direkteri,” nikasema, “haoni.”

Akakohoa. Akamwambia Faustin afungue Luvungi, Runingu, Kilibula, tena Luvungi, haraka haraka, kama polisi wa barabara. Kila mara ilikuwa sawa. Akachukua kalamu na kuandika jina la yaya yangu mu programu.

Nilitaka kumukumbatia. Nilitaka pia kumupiga.

Jumapili, 13 Julai

Faustin alienda peke yake. Minye nilibakia nyumbani.

Nilisikiliza pamoja na mama, ku radio ya jikoni. Alikuwa na ekuta ya telefone ku sikio moja, anaisikiliza, najua, maana alikuwa anapumua kidogo kati ya salamu na salamu. Wafiwa wa Runingu aliwasomea kwa sauti ya chini, vizuri sana. Wa arusi akawachekea. Midomo yangu ilikuwa inatembea bila kitu cha kusoma. Mama aliniona, akanipa vitunguu nikate.

Mara moja alinyamaza muda murefu. Nikasimama na kisu mu mukono, nikisema liste imekufa. Halafu tukamusikia anacheka taratibu, peke yake, mbali na mikro, na akaenda ku salamu ya Kilibula kama hakuna kitu.

Aliporudi tukala. Nikamuuliza ile salamu ya wakati wa kimya ilikuwa nini, mbona hakuisoma.

“Ile haikuwa ya radio. Ilikuwa yangu.”

“Toka kwa nani?”

“Weye kula.”

Miaka yote, salamu yoyote ya Faustin ilipita kwanza mu kinywa changu. Nimeuliza tena, na mama ameuliza. Amekataa. Alikuwa anatabasamu, anachambua miiba ya samaki kwa vidole.

Nimekasirika kidogo. Nimekula.