Picha ya Pafu Lako Dirishani mwa Kanisa

Mdogo wangu mpendwa,

Jumapili hii ilikuwa ya kumi na mbili. Nilisimama tena langoni mwa chumba cha maombi cha kanisa lako, hapa katika mtaa wetu wa Kenya, nikiwa na picha ya pafu lako mkononi, nikawasomea waumini ripoti yako ya hospitali neno kwa neno. Mchungaji wako alitoroka kwa mlango wa nyuma. Nilifurahi. Sitakudanganya: nilifurahi sana.

Unakumbuka siku tulipoipata picha hiyo? Mgodi ulikuwa umefunga milango, watu wanachoma matairi barabarani, na hospitali imebakiwa na madaktari wachache. Tulivuka mtaa wa Kampemba kwa miguu, nawe ulisimama kila baada ya nyumba mbili ukikohoa. Nilikuambia usiiname unapokohoa. Ulimcheka kaka yako mwalimu, anayesahihisha kila kitu, mpaka ukashika ubavu: "Yaya, ata kikohozi yangu utakorije?"

Fundi wa skana alituonyesha kwenye kioo shimo lenye ukuta mnene katika pafu la kulia. Juu hewa, chini majimaji, na kati yake mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Tulidhani ni kifua kikuu, au vumbi la mgodi.

"Hapana, papa," aliniambia kwa heshima, kama baba yake. "Makohozi balishapima, TB haiko. Hii iko jipu, usaha iko mundani. Ni mikrobe. Dawa iko. Bamuchome sindano, akunywe dawa wiki mingi, asiache."

Ulinishika mkono kama ulivyonishika siku niliyokupeleka shule kwa mara ya kwanza.

Sindano za siku tisa zilishusha homa. Ulikula bukari, ugali wetu, ukaomba samaki. Kisha ukaipeleka picha kanisani kushukuru, kwa maana huku kwetu mgonjwa hukabidhiwa picha zake, naye huzipeleka ziombewe. Mchungaji akaiinua dirishani, jua likapenya.

"Muangalie ile shimo! Ile haiko magonjwa. Ni muntu iko anamukula. Na ule muntu analala mu nyumba yake!"

Kanisa zima likageuka kumtazama mke wako. Mchungaji akakuamuru uache dawa na ufunge. Ukatii. Wiki tatu baadaye tulikuzika, na jioni hiyohiyo binamu zetu walitupa sufuria za mke wako nje, wakafunga nyumba.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Nimesoma Jumapili baada ya Jumapili, na mabenchi yake yamepungukiwa na watu. Binamu zetu walinisikia, wakamrudishia mke wako ufunguo, macho yao yakitazama chini. Mchungaji amemtuma shemasi: yuko tayari kuomba radhi sebuleni kwangu, milango ikiwa imefungwa. Nilimjibu kwamba alimshtaki mwanamke mbele ya watu, basi akiri mbele ya watu. Shemasi aliomba maji ya kunywa. Sikumpa.

Juzi mke wako alikuja kuniona.

"Yaya, ilishatosha. Niko mu nyumba yangu. Bantu banajua. Pumuzika sasa."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Wewe nitakujibu.

Siku ile mchungaji alipoiinua picha, nilikuwa nimekaa benchi la pili. Ripoti nilikuwa nimeisoma mara nne. Maana ya mstari ule wa pafuni niliijua. Mimi niliyewahi kumkatiza mkaguzi wa shule mbele ya darasa kwa sababu ya kosa moja, nilinyamaza, kwa kuwa mhubiri hakatizwi. Ulinigeukia, ukaningoja niseme neno. Nilifungua kitabu cha nyimbo. Kama ningesimama, jioni ile ungechomwa sindano ya kumi.

Ndiyo maana siwezi kupumzika. Lala, mdogo wangu. Nikishamalizana na mchungaji, atabaki yule wa benchi la pili, na huyo simwonei huruma.

Yaya wako.